Mla Kobe

Mtu akipoteza paka mtaani kwetu, haendi polisi. Anakuja kwangu. Nina duka dogo la fotokopi pale kona, mashine mbili, moja nzima na moja ya kubembeleza, na nje nimesimamisha ubao wa matangazo wenye fremu ya chuma. Kwenye ubao huo nabandika wanyama waliopotea na waliopatikana. Nimesharudisha paka sijui wangapi, mbwa, sungura wawili, na kasuku mmoja mwenye mdomo mchafu. Mwenye kasuku tulimtambua kwa kumsikiliza tu: alikuwa akitukana vilevile. Watu wananiita Mama Matangazo. Sina kinyongo na jina hilo. Kuna waliobandikwa majina mabaya zaidi, na nitafika huko.

Kazi yangu ina sheria moja. Mnyama akipatikana, simwelezi mwili mzima kwenye tangazo. Nabakiza alama moja moyoni, na anayekuja kumdai lazima aitaje. Asipoitaja hapewi, hata alie machozi ya damu. Juzi alikuja bwana mmoja na suti yake, anadai mbwa. Nikamuuliza, "Mbwa wako ana alama gani?" Akafikiri weee, akasema, "Ana mkia." Nikamwambia huo mkia akautafute kwingine.

Watu husema nina roho nzuri, eti napenda wanyama. Si kweli. Paka wananipigisha chafya, na mbwa nawaogopa mpaka kesho. Kinachoninyima usingizi ni kitu kilichopotea kikabaki bila jibu, na sababu yake ninaijua. Naomba niiseme mapema, maana mficha uchi hazai.

Mtaani kwetu kuna fundi wa kuchomelea, mtengenezaji wa mageti na madirisha, mtu mpole mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche. Ukimuulizia kwa kazi yake utazunguka sana. Uliza, "Mla Kobe yuko wapi?" na hata mtoto anayejifunza kutembea atakuonyesha kwa kidole. Wanawe shuleni ni watoto wa Mla Kobe. Mkewe sokoni ni mke wa Mla Kobe. Mwenyewe huitika, na siku nyingine hucheka. Jina hilo alilipata kwa sababu yangu, nikiwa na miaka minane, kwa uongo.

Ilikuwa hivi. Bibi yangu alikuwa na kobe mdogo, mpana kama kisahani cha chai. Babu, kabla hajafariki, alimtoboa tundu kwenye ukingo wa gamba, nyuma upande wa kushoto, akapitisha pete ya waya wa shaba. Bibi alimpenda kobe huyo kuliko alivyotupenda sisi wajukuu, na wala hakuficha. Mama yake fundi ndiye aliyekuwa akifua nguo pale kwa bibi, na fundi, wakati huo mvulana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akimfuata mama yake akitoka shule. Siku moja akatutania kwamba amesikia nyama ya kobe ni tamu. Tulicheka sote, hata bibi.

Kesho yake nikamtoa kobe bila ruhusa. Nikamweka uani, karibu na tundu la kupitishia maji ya mvua chini ya ukuta, nikaenda kuruka kamba. Niliporudi hayupo. Bibi akauliza yuko wapi. Nikasema nimemwona mtoto wa mfuaji anatoka na gunia.

Basi, sentensi moja tu. Utani wa jana ukawa ushahidi. Mama yake akafukuzwa kazi mchana uleule, povu la sabuni likiwa bado mikononi. Mvulana akachapwa na mama yake mwenyewe mbele ya watu. Jioni watoto wa mtaa walikuwa wameshampa jina. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka ishirini na saba.

Tumekua, tumezeeka kidogo, tunaishi hatua mia tatu kutoka mlango wake hadi mlango wangu. Fremu ya ubao wangu aliichomelea yeye. Mimi simwiti Mla Kobe, namwita Fundi, na siku moja nilimsikia akimwambia mteja wake, "Yule mama ana adabu. Hajawahi hata siku moja kuniita lile jina." Nilirudi ndani nikajifungia chooni nikalia.

Sasa, nyuma ya nyumba ya bibi, ng'ambo ya ule ukuta, kulikuwa na kiwanja cha ndugu waliogombana juu ya urithi. Ukuta mrefu, vipande vya chupa juu yake, geti limefungwa. Ndani yalibaki mapera na vichaka, hakuna aliyeingia miaka na miaka. Mwezi uliopita ndugu hao wakapatana, wakaleta mafundi wajenge. Jumatano asubuhi msimamizi wa ujenzi akaja dukani kwangu, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama, tumekuta mnyama wako."

"Wangu tangu lini?"

"Si wewe ndiye mwenye wanyama wote hapa? Tumekuta kobe. Vijana walidhani ni jiwe. Mmoja amemkalia anakunywa chai zake, mara jiwe likaondoka naye."

Alicheka mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi za mteja, na nakumbuka nilizipanga upya mara mbili, pembe kwa pembe, kabla sijamwambia twende.

Alikuwa chini ya mpera. Sikumtambua, na nitamtambuaje? Niliyemwacha alikuwa anaenea kwenye viganja vyangu vya utoto. Huyu alikuwa mkubwa kama karai la zege, gamba limepanda vilima, kila kilima na duara zake, duara ndani ya duara, sikuweza kuzihesabu. Alikuwa anakula pera lililoiva. Alilikata taratibu, akatafuna, akameza, akanyoosha shingo yenye mikunjo akanitazama kwa jicho moja jeusi. Kelele zote za sepeto na toroli zilikuwepo, lakini mimi sikuzisikia tena.

Nikainama nyuma yake upande wa kushoto. Tundu lilikuwepo. Lilikuwa limevutika likawa refu, na ndani yake waya wa shaba umegeuka kijani, nusu umemezwa na gamba.

Nikakaa kwenye udongo na sketi yangu ya kazini. Msimamizi akauliza kama naumwa. Nikamwambia aniache. Nilitambaa, ndiyo, mimi na mwili wangu huu, nikaenda hadi chini ya ukuta nikatafuta lile tundu la maji kwa upande wa pili. Nikalipima kwa mikono. Kisahani cha chai kinapita. Karai halipiti. Aliingia mdogo, akakuta mapera, akanenepa, na mlango ukabaki uleule.

Kwa hiyo alikuwa pale siku zote, hatua kumi na moja kutoka kitanda nilichokuwa nalala. Bibi alimlilia akiwa pale. Bibi alikufa, tukamzika, tukarudi, na yeye yupo pale anakunywa maji ya mvua kwenye sinki bovu lililotupwa. Fundi alioa, watu wakaimba nyimbo za kumtania bwana harusi mla kobe, na kobe mwenyewe, kama upepo ulivuma huku, alisikia. Nimeona maajabu ya wanyama katika kazi hii, mbwa aliyevuka mito miwili kurudi kwao, paka aliyemkataa mwenye nyumba akamfuata mpangaji. Hili lilinizidi. Nilimwekea mkono juu ya gamba, lilikuwa na joto la jua, na ndani kwa ndani nikahisi akipumua.

Vijana wawili walinisaidia kumleta dukani kwa toroli. Nikamweka chumba cha nyuma, kati ya maboksi ya karatasi, nikampa mboga za majani na beseni la maji. Kisha nikakaa kwenye kompyuta kuandika tangazo kama kawaida. KOBE AMEPATIKANA. Nikakwama hapo.

Nani mwenyewe? Bibi hayupo, na mrithi wake ni mimi. Kwa karatasi kobe ni wangu na nimeshampata, kazi imekwisha. Lakini mimi narudisha mnyama kwa aliyepotelewa, na katika kupotea kwa kobe huyu mimi nilipotelewa na nini? Bibi aliniletea mwanasesere nisihuzunike. Aliyepotelewa yuko hatua mia tatu kutoka hapa, amevaa miwani ya kuchomelea.

Nilijua la kufanya na sikulifanya. Alhamisi yote niliuza fotokopi. Niliwaza kumpeleka kobe mbali, kwa shangazi yangu mwenye shamba, na nani angejua? Msimamizi ni mgeni, vijana wake wageni. Nisiseme uongo mwingine hapa: sikuogopa kumuumiza Fundi, niliogopa kuitwa mimi jina. Nimewachekesha watu kwa ukali wangu miaka yote hii, mwenye suti na mkia wa mbwa, nani ataniheshimu tena nikidai alama ya siri?

Ijumaa akaja binti wa Fundi kutoa nakala ya fomu ya shule. Foleni ilikuwa ndefu. Nyuma yake mwanafunzi mwenzake akamwambia, "Sogea basi, mtoto wa Mla Kobe." Hakusema kwa ubaya. Na binti hakukasirika, alisogea tu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Nyuma ya mlango, kobe akagonga boksi kwa gamba. Nilimpa yule binti nakala zake, nikafunga duka saa nne asubuhi, na watu wa foleni wakalalamika. Nikawaambia wakalalamikie nje.

Fundi alikuwa anasugua bomba. Aliponiona akazima mashine, akapandisha miwani kwenye paji la uso.

"Mama Matangazo! Fremu imelegea?"

"Fremu nzima, Fundi. Naomba uje dukani kidogo."

"Kuna nini?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na maneno yakanikimbia. "Njoo tu, kaka. Nakuomba."

Hajawahi kunisikia nikiomba. Akanifuata bila hata kunawa mikono.

Nilifungua mlango wa nyuma nikasimama pembeni. Kobe alikuwa katikati ya chumba, mwanga wa dirisha ukimwangukia mgongoni, anatafuna jani. Fundi alitazama. Akavua kofia yake ya kazi. Sikumwambia kitu, wala sikumwonyesha alama. Alizunguka mwenyewe, taratibu, akachuchumaa nyuma upande wa kushoto, akapitisha kidole chake chenye makovu juu ya ule waya wa kijani. Mashine yangu mbovu ilikuwa imesahauliwa ikiwaka, ikinguruma peke yake huko mbele.

"Ni yeye," akasema.

"Ni yeye."

"Alikuwa wapi?"

"Nyuma ya ukuta. Kwenye kile kiwanja. Alipita tundu la maji."

Akafumba macho. "Lile geti nililichomelea mimi. Waliniita nikiwa bado najifunza kazi. Nililifunga kwa mkono wangu huu, na yeye yuko ndani." Akatikisa kichwa, na usoni mwake hapakuwa na hasira, ila kitu kama cha mtu aliyesikia adhana au kengele mahali ambapo hakutegemea. "Yuko ndani, anaishi."

Ndipo nikasema. Nilisema nikiwa nimesimama na mikono nyuma kama mwanafunzi. Kwamba nilimtoa mimi. Kwamba hapakuwa na gunia. Kwamba sikumwona popote siku ile, na kwamba nimekuwa nikimwita Fundi kwa kuwa jina lile likinikaa mdomoni lilikuwa linanichoma, si adabu, asije akadhani ni adabu.

Hakunitazama. Kidole chake kilikuwa bado kwenye waya.

"Unajua," akasema, "kuna miaka niliamka nikajiuliza, labda kweli nilimla. Kila mtu anajua. Mama yangu anajua. Nikasema, pengine ni mimi tu niliyesahau."

Nilishindwa kujizuia, nikalia mbele yake. Yeye alisubiri nimalize. Nilipoanza kuomba msamaha akainua kiganja. "Hilo tutaongea siku nyingine, mama. Leo siliwezi. Leo nataka mama yangu amwone."

"Nikaite toroli?"

"Hapana. Atembee."

"Fundi, ni hatua mia tatu. Huyu ni kobe."

"Namjua ni kobe," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. "Nadhani mimi namjua kuliko watu wote mtaani."

Basi tukatoka. Fundi mbele na fungu la mboga za majani, kobe katikati, mimi nyuma. Ilichukua saa moja na nusu. Alitembea kama mtu anayekagua mali yake: hatua tano, anasimama, anainua kichwa, anatazama duka la vipuri, anatazama mtaro, hatua nyingine tano. Kucha zake zilikwaruza lami na sauti ile ilisikika, maana mtaa ulianza kunyamaza. Kinyozi alitoka na wembe mkononi, mteja wake akatoka na ndevu upande mmoja. Wenye pikipiki walizima injini. Mwenye duka la dawa alipaza sauti, "Polepole ya kobe humfikisha mbali!" na hakuna aliyecheka, mwenyewe akajikuta ameshusha sauti mwishoni kama yuko msikitini au kanisani.

Watu walihesabu haraka kuliko nilivyodhani. Mzee mmoja muuza magazeti, aliyemjua bibi yangu, aliinama akaona pete ya shaba, akajishika kiuno. "Huyu si wa marehemu?" akauliza. Akamtazama Fundi. "Mla..." akaanza, na neno likamfia mdomoni. Nikaona likiwafia na wengine, mmoja baada ya mwingine, mdomo unafunguka halafu unafungwa. Walikuwa hawajui wamwite nani.

Pale njia panda nikasimama. Sauti yangu ni kubwa, mnaijua, lakini siku hiyo ilitoka nyembamba. Nikasema, "Nisikilizeni. Kobe huyu ni wa bibi yangu. Hakuibiwa, hakuliwa. Mimi nilimpoteza, na mimi nilimsingizia Fundi. Nilisema uongo." Nilingoja mtu anizomee. Afadhali wangenizomea. Walinitazama tu, kisha macho yao yakarudi kwa kobe, ambaye alikuwa ameanza kutembea tena bila kutungoja.

Mama yake Fundi, Bi Mkubwa kama tunavyomwita wote, alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni, miguu juu ya stuli, anachambua mboga. Magoti yake yaliharibika kwa kuchuchumaa kwenye mabeseni ya watu. Baada ya bibi kumfukuza, hakuna nyumba ya karibu iliyompa kazi, alikuwa anakwenda kufua mbali kwa miguu. Hajawahi kunisema neno baya. Kila siku nikipita namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba mwanangu.

Kobe alifika hadi kwenye stuli, akasimama. Alinusa mboga. Bi Mkubwa aliweka sinia chini. Hakuuliza huyu ni nani. Alinyoosha mkono, akaupitisha nyuma ya gamba upande wa kushoto, sawasawa kama mwanawe alivyofanya, na vidole vyake vilipoukuta waya vikaganda hapo. Mtaa mzima ulikuwa nyuma yetu.

Nikapiga magoti nikamweleza. Ilikuwa mara ya tatu asubuhi ile na ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" akauliza.

"Minane, Bi Mkubwa."

"Minane." Alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilikuwa na thelathini na minne."

Sikumwelewa mara moja. Aliniacha pale nilipopiga magoti, akamgeukia mwanawe. Fundi alikuwa amesimama, kofia mkononi, mboga zimemwishia.

"Uliniambia," Bi Mkubwa akasema. "Nakumbuka uliniambia, na mimi nikakupiga. Ukaniambia tena, nikakupiga tena. Mara ya tatu hukusema, ukaninyamazia, nami nikajua umekiri."

"Mama, yamepita hayo."

"Hayajapita. Njoo hapa."

Akasogea. Mtu mzima mwenye ndevu, akachuchumaa mbele ya kile kiti mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa mama yake. Bi Mkubwa akafuta mikono kwenye kanga, akamshika mashavu yote mawili.

"Niambie tena," akasema. "Kama ulivyoniambia siku ile."

Fundi alifungua mdomo, ukakataa. Akajaribu tena, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtu wa miaka thelathini na tisa.

"Mama, mimi sikumchukua."

"Nakuamini, mwanangu," akasema Bi Mkubwa.